Je, wajua kwa nini mshairi anayelia na vita huenda asitaje hata upanga mmoja?

Kwa miaka mingi nilishikilia jibu lisilo sahihi. Niliamini utungo wa kupinga vita sharti upige kelele: damu, maiti, laana kwa watawala. Tungo za vita nilizozijua za pwani yetu zilikuwa na sauti kubwa kweli. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliichokoza Lamu kwa mashairi, na Vita vya Shela, mnamo 1812 hivi, Lamu ilipowashinda Mombasa na Pate, mji-dola wa kisiwa jirani, bado vinasimuliwa kwa majigambo. Kwa mizani hiyo niliusoma Inkishafi, utenzi wa kale wa pwani hiyohiyo, mara kadhaa nisione vita ndani yake.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga Pate ikiwa imeshaporomoka, vita vya muda mrefu vikiwa miongoni mwa sababu. Lakini tazama anachokionyesha:

Madaka ya nyumba ya zisahani,
sasa walaliye wana wa nyuni.

Aliyeingia nyumba kongwe ya Lamu anavijua vidaka: vishimo vya ukutani vilivyopambwa kwa chokaa, vikapangwa sahani za kaure. Katika utenzi, sahani hazipo na makinda ya ndege yamelala mahali pake. Aliyezichukua hatajwi.

Hapo ndipo penye ufundi. Jino likishang'oka, ulimi hauendi kwenye meno mazima; unarudi kwenye pengo siku nzima bila kuamriwa. Yakitoka majahazi kumi yakarudi tisa, walio gatini hawayatazami yale tisa, macho yako baharini. Kidaka kitupu nacho hufanya vivyo hivyo: msomaji mwenyewe anarudisha sahani, anaweka chakula, anaketisha watu, kisha anagundua kwamba hawapo. Mtu akikuambia vita ni viovu, unaweza kubishana naye. Utabishana na nani juu ya nyumba uliyoijaza mwenyewe ukaikuta tupu?

Nisiuvishe utenzi huu vazi lisilo lake. Sayyid anauhutubia moyo wake kuhusu dunia na akhera; nisingethubutu kusema alikusudia kuwashtaki wapiganaji. Ila mbinu yake, ya kuonyesha pengo na kuacha pengo liseme, ndiyo hiyohiyo waliyoitumia waliokusudia hasa kuvilaani vita.

Mmoja wao ni Wilfred Owen, askari Mwingereza aliyeuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kusimama. Katika shairi lake fupi, Futility, askari amekufa, na msemaji anaomba asogezwe juani, kwa kuwa jua ndilo lililokuwa likimwamsha kwao. Hakuna bunduki inayolia humo. Kuna mashamba ya nyumbani yaliyopandwa nusu, na msomaji anabaki kujiuliza nani atakwenda kuyamalizia.