Je, wajua? Kivimbe cha neva mdomoni kinaweza kuashiria saratani iliyoko shingoni

Mtu akigusa kivimbe ulimini, wazo la kwanza huwa saratani. Kikiwa kimetokana na neva, mara nyingi sivyo. Cha kujua ni aina yake, na mwenye nacho ni nani.

Shwanoma, aina ya kwanza, huota kwenye ala ya neva (utando unaoifunika) ikiwa na ganda lake, hivyo daktari huweza kuibandua na neva ikabaki. Kugeuka kwake saratani ni nadra mno. Aina nyingine, nyurofibroma, haina mpaka huo. Nyuzi za neva hupita katikati yake. Ikiwa moja tu, hatari ni ndogo. Mambo hubadilika kwa mwenye ugonjwa uitwao nyurofibromatosisi aina ya 1, anayejulikana zaidi kwa madoa 6 au zaidi ya rangi ya kahawa ngozini. Kati ya watu 100 wenye ugonjwa huo, takriban 8 hadi 13 hupata saratani ya ala ya neva maishani. Kivimbe kilichotulia miaka kikianza kukua haraka, kuuma usiku au kuwa kigumu, asingoje miadi ijayo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile kinachoonekana kidogo kuliko vyote: vipele laini vingi kwenye ncha ya ulimi na midomo minene ya mtoto. Hizo ni nyuroma za utando, yaani vivimbe vya neva kwenye utando laini wa mdomo, na zenyewe hazigeuki saratani kamwe. Lakini huweza kuwa dalili ya MEN2B, hali inayotokana na hitilafu kwenye jeni iitwayo RET, ambayo karibu kila aliye nayo hupata saratani ya thairoidi, tezi iliyo mbele ya koo. Mtoto akigundulika mapema, tezi hutolewa hata kabla hajatimiza mwaka. Kabla ya upasuaji wowote, tezi zilizo juu ya figo zipimwe kwanza: zikiwa na uvimbe, presha inaweza kupanda vibaya mno akiwa kwenye nusukaputi.

Kuna mtego mmoja maabara. Uvimbe wa seli za chembechembe, unaopenda mgongo wa ulimi, hufanya ngozi iliyo juu yake inenepe na kuchimba chini kama saratani. Kinyama cha kupimwa kikikatwa juujuu, darubini huweza kuonyesha saratani isiyokuwepo, na mgonjwa akakatwa ulimi bure. Kikatwe kwa kina, kifike kwenye uvimbe wenyewe.