Kero za Jimu Nairobi: Tunayoamini na Yaliyo Kweli

Malalamiko ya jimu Nairobi yanafanana, uwe unafanyia mazoezi Umoja, Kasarani au Kilimani. Benchi limekaliwa na mtu anayetazama simu. Sahani za kilo 20 zimeachwa kwenye chuma na aliyezitumia ameshaondoka. Godoro limelowa jasho, spika zinatetemesha madirisha, na mtu usiyemjua anakuja kukufundisha kuchuchumaa. Nimefanya mazoezi katika jimu za kulipia za jiji hili kwa muda mrefu, na naamini sehemu kubwa ya hasira zetu inatokana na mambo tunayoyaamini kuhusu mwili na kuhusu wenzetu ambayo si kweli. Zipo kero zinazoisha ukishajua ukweli wake. Zipo nyingine ambazo, ukishajua ukweli, unagundua ulikuwa na haki ya kulalamika tangu mwanzo na ulinyamaza bure.

"Anayekaa kwenye benchi bila kunyanyua anapoteza muda wa watu"

Hii ndiyo kero kubwa kuliko zote kati ya saa kumi na moja na nusu jioni na saa mbili usiku, watu wanapotoka kazini. Ukweli ni kwamba anayenyanyua mzigo mzito lazima apumzike. Juhudi ya sekunde chache hutumia akiba ya nishati iliyo ndani ya msuli wenyewe, na akiba hiyo huchukua dakika kadhaa kurudi. Ndiyo maana inashauriwa kupumzika dakika 2 hadi 3 kati ya seti na seti, na hata 5 kwa mizigo mizito kabisa. Mtu mwenye seti tano za benchi anaweza kumaliza robo saa na zaidi pale akiwa anafanya kazi halali. Anayerudia baada ya sekunde 30 si lazima awe na bidii zaidi. Kwa mzigo mzito, anajinyima nguvu za seti inayofuata.

Ila kupumzika hakumlazimu mtu kubaki amekalia benchi. Hapa inaingia dhana nyingine, kwamba kuomba zamu ni kukosa adabu. Wazoefu wa jimu za mtaani hupokezana hata watatu kwenye benchi moja: mmoja ananyanyua, wa pili anamshikia, wa tatu anapumua, na hakuna anayepoteza dakika. Swali la kwanza ni "Bosi, umebakisha seti ngapi?" Akisema nne, la pili ni "Naweza kuingia katikati?" Nimeona maswali haya mawili yakituliza chumba kizima, na nimeona watu wazima wakikunjiana nyuso robo saa kwa sababu hakuna aliyethubutu kuyauliza. Mahali pekee ambapo zamu inasumbua ni kwenye fremu ya kuchuchumaa, kama mmoja ni mrefu na mwingine mfupi, maana vishikizo lazima vihamishwe kila mara. Hapo subiri.

"Kurudisha vyuma ni kazi ya mkufunzi, ndiyo maana tunalipa"

Katika jimu nyingi za mtaani mkufunzi ni mmoja, na ndiye anayepokea pesa, kupiga deki na kuwaonyesha wageni mashine. Lakini sababu kubwa zaidi ni usalama. Atakayekuta kilo 100 kwenye chuma huenda ni mama aliyeanza wiki hii. Akitoa sahani zote za upande mmoja, upande wa pili unaelemea, chuma kinapinduka na kumrukia yeye au jirani yake. Vyuma hutolewa kwa zamu, sahani moja huku, moja kule, na anayepaswa kufanya hivyo ni yule aliyeweza kuvipakia.

"Jasho jingi ni mafuta yanayoyeyuka"

Mikanda ya mpira ya kubana tumbo inauzwa sana katikati ya jiji, na kila jimu ina mtu aliyejifunga nailoni chini ya jaketi mbili. Jasho ni maji na chumvi, na kazi yake ni kupoza mwili. Uzito uliopungua kwa njia hiyo unarudi ukinywa maji. Mafuta hutoka kwa njia ambayo watu wengi hawaiwazii: kwa pumzi. Katika kila kilo 10 za mafuta ambazo mwili umezitumia, kama kilo 8.4 hutoka kama hewa ya kaboni dioksidi, na kilo 1.6 zilizobaki huwa maji. Ndiyo maana baridi ya Julai, unapofanya kazi ileile bila kutoka jasho kama la Februari, haikupunguzii chochote. Na kujifunga nailoni huku unakimbia ni kuuzuia mwili kujipoza, watu huzimia.

Sitapu nazo hazichomi kitambi. Zinaimarisha misuli ya tumbo, lakini mwili hutoa mafuta sehemu zote, kwa mpangilio wake wenyewe, kadiri unavyokula na kufanya kazi.

Sasa jasho la mwenzako juu ya benchi. Bado wapo wanaoogopa kwamba linaweza kuwaambukiza virusi vya ukimwi. Haliwezi, virusi hivyo haviambukizwi kwa jasho, wala kwa kushika chuma alichoshika mwenye navyo, na hofu hii imewaumiza watu bila sababu. Kinachosambaa kweli ni choa, ile ambayo Nairobi tunaiita mashilingi, pamoja na fangasi wa miguu na bakteria wa majipu wanaoingia kwenye mchubuko wa ngozi. Magodoro, taulo za kuazimana na sakafu ya bafu ndizo njia zake. Kwa hiyo kumwambia mtu "Samahani, pangusa benchi kwanza" si kujifanya wa tabaka la juu. Ni jambo la afya, na mwenye jimu anapaswa kuweka dawa ya kupulizia na vitambaa mahali panapoonekana. Beba taulo yako mwenyewe, na siku za mgao wa maji bafu likikauka, usikae na nguo mbichi kwenye matatu hadi Githurai kama una nguo za kubadili.

Madirisha pia yanahusika. Kifua kikuu husambaa kwa hewa, na Kenya imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Chumba cha chini kisicho na dirisha, watu arobaini wakihema kwa nguvu, ni mahali pabaya kwa ugonjwa wowote wa hewa. Anayefunga dirisha kwa sababu ya baridi aombwe alifungue.

"Anayenguruma anajionyesha"

Si lazima. Kubana pumzi kidogo wakati wa kunyanyua hukaza kiwiliwili na kuulinda mgongo, na pumzi hiyo ikitoka hutoka na sauti. Kuangusha vyuma ni jambo tofauti. Sahani za mpira zimetengenezwa kuangushwa. Za chuma hazikutengenezwa hivyo, na jimu nyingi za Nairobi ziko ghorofa ya pili au ya tatu, juu ya duka la dawa au nyumba za watu. Kelele na mitetemo inayowasumbua majirani inasimamiwa na kanuni za mwaka 2009 zilizo chini ya NEMA, mamlaka ya kusimamia mazingira, kwa hiyo jirani wa chini ana mahali pa kupeleka malalamiko yake.

Muziki kweli unasaidia; watu huhisi uchovu mdogo kuliko ule ambao wangehisi bila muziki. Lakini kinachosaidia ni mdundo, si ukubwa wa sauti. Kipimo cha kawaida cha usalama wa masikio ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza desibeli 3 muda salama unapungua nusu. Kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu. Kama inabidi upige kelele ili mtu aliye hatua moja kutoka kwako akusikie, omba sauti ipunguzwe.

"Mwenye kifua kipana ndiye anayejua"

Kero hii inawaangukia zaidi wanawake. Dada anachuchumaa na chuma chake kwa utulivu, na mwanaume anamkatiza kumwambia magoti yasipite vidole vya miguu. Agizo hilo limerudiwa hadi likawa kama sheria, na si sahihi. Ukiyazuia magoti kwenda mbele, mzigo unaoyaelemea unapungua kidogo, lakini kiwiliwili kinainama na nyonga na mgongo wa chini ndivyo vinavyobeba tofauti, tena kwa kiwango kikubwa. Kwa goti lisilo na jeraha, kupita vidole ni jambo la kawaida. Mtu mwenye mapaja marefu hawezi kuchuchumaa vizuri bila hivyo. Ukubwa wa misuli unatokana na miaka, chakula, maumbile ya kuzaliwa nayo, na kwa wengine dawa. Hauthibitishi kwamba mtu anajua kufundisha.

Dada huyohuyo ataambiwa pia aache vyuma asije akawa na mwili wa mwanaume. Mwanaume mzima ana homoni ya testosteroni zaidi ya mara kumi ya mwanamke. Misuli ile mikubwa inayoogopwa haiji kwa bahati mbaya. Na Shirika la Afya Duniani linapendekeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki kwa watu wazima wote, wanawake kwa wanaume.

Kuna wakati mmoja tu ambapo ushauri bila kuombwa ni wajibu: chuma kikiwa karibu kumwangukia mtu, au vibano vya sahani vikiwa vimesahauliwa. Mengine yasubiri aulize.

"Jimu ya mabati na simiti si jimu"

Hapa ninapapenda. Kayole, Mathare, Dandora, utakuta jimu ambayo sahani zake ni mikebe ya rangi iliyojazwa zege, chuma chake ni bomba la maji, na benchi limechomelewa na fundi wa Kamukunji. Watu wanaodharau vifaa hivi wanaamini msuli unatambua mashine ya bei. Msuli unatambua mzigo na juhudi. Hata mizigo myepesi hujenga misuli karibu sawa na mizito, mradi seti ifikishwe karibu na mahali ambapo huwezi tena kurudia. Zege lina uzito wa kama kilo 2.4 kwa lita, hivyo mkebe wa lita 4 uliojaa vizuri ni kama kilo 9 na nusu. Anayetaka kuongeza mzigo kidogo kidogo anaweza kabisa.

Tatizo la kweli la mikebe hiyo ni kwamba miwili iliyotengenezwa siku moja hailingani. Mmoja una kokoto nyingi, mwingine una mapovu ya hewa ndani, na bega moja linabeba zaidi kila siku bila mwenyewe kujua. Dawa yake ni rahisi. Peleka mikebe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ipime kwenye mizani yake, andika uzito kwa rangi kwenye kila mmoja, kisha panga jozi zinazokaribiana. Vijana wakifanya hivyo Jumamosi moja, jimu nzima inabadilika.

"Ukishaingia jimu, picha yako ni ya jimu"

Hapana. Katiba ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha yako kuwa taarifa zako binafsi. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilikitoza kilabu kimoja cha burudani Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Jimu inayokurekodi ukihema ili ijitangaze mtandaoni iko chini ya sheria ileile. Anayejirekodi ili akague mkao wake kwa matumizi yake binafsi ni suala jingine. Mwombe tu ageuze simu upande wa ukuta.

"Wageni wa Januari ni wa kupita"

Wengi hupotea, ndiyo, na sehemu ya lawama ni ya uongo wanaoambiwa kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Utafiti wa chuo kikuu cha UCL huko London ulikuta wastani wa siku 66, na tofauti kubwa kati ya mtu na mtu: kuanzia 18 hadi 254. Aliyeanza tarehe 2 Januari anaweza kuwa bado anajilazimisha mwezi wa Machi, na hiyo ni kawaida kabisa. Mwonyeshe mahali pa kurudishia dambeli, umwambie hivyo.

Msongamano nao unapungua ukiacha kuamini kwamba ni alfajiri tu, tumbo likiwa tupu, ndipo mafuta huchomeka. Jumla ya chakula na kazi ya wiki ndiyo inayohesabika. Kama kazi yako inaruhusu, njoo saa tano asubuhi, utapata benchi lolote.

"Ukishalipa ya mwaka, huna la kusema"

Ofa za mwaka mzima huja na punguzo zuri, halafu mashine mbili zinaharibika na hazitengenezwi, au mlango unakutwa na kufuli. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inazitaja waziwazi huduma za afya na mazoezi ya mwili, na inataka makubaliano yake yawe ya maandishi. Kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa, omba karatasi. Soma inasemaje kuhusu kusimamisha uanachama ukiugua au ukihamishwa kazini, nani anarudisha pesa jimu ikifungwa, na kama ada inaweza kupanda katikati ya mwaka. Meneja akikwambia kwamba ujumbe wa M-Pesa ndio mkataba, mlipe ya mwezi mmoja.