Mtihani wa Baraza kwa Daktari Aliyesomea Ng'ambo: Ni Nini Hasa?

Mtihani wa Baraza ni mtihani wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, anaoufanya Mkenya aliyesomea udaktari nje ya Afrika Mashariki kabla ya kuruhusiwa kuanza mwaka wa uanagenzi katika hospitali ya hapa nchini. Wengi huuita mtihani wa leseni, lakini anayeupita hatoki na leseni mkononi. Anatoka na ruhusa ya kwenda kujifunza kazi wodini, chini ya macho ya madaktari waliomtangulia. Ndiyo maana utakuta familia Nyalenda kule Kisumu au Kiamunyi hapa Nakuru ambayo ilimpokea daktari wao kwa shangwe kutoka ng'ambo, na baada ya miezi mingi majirani wanaulizana mbona bado yuko nyumbani. Hajafanya kosa lolote. Yuko kwenye foleni ambayo hakuna aliyewaeleza wazazi wake.

Vitu vitatu huchanganywa hapa. Shahada hutolewa na chuo, na kazi yake ni kusema kwamba ulisoma na ukafaulu huko ulikosomea. Usajili hutolewa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, maarufu kama KMPDC, kwa mujibu wa Sura ya 253 ya sheria za Kenya. Hadi mwaka 2019 lilikuwa Bodi, na watu wa zamani hospitalini bado wanaliita hivyo. Halafu kuna leseni ya kufanya kazi, ambayo ni ya mwaka mmoja tu: huisha Desemba 31, na anayeihuisha lazima aonyeshe kwamba amekuwa akijiendeleza kimasomo. Mtihani wetu huja baada ya shahada, uanagenzi hufuata mtihani, na usajili kamili hufuata uanagenzi. Shahada hata iwe ya daraja la juu kiasi gani, haimpi mtu haki ya kufungua kliniki mtaani.

Nani anatakiwa kuufanya? Aliyesomea Maseno, Moi kule Eldoret, au Egerton hapa Nakuru hauhitaji, kwa sababu Baraza hukagua shule hizo lenyewe. Aliyevuka Busia au Malaba akasomea Uganda naye ana njia yake: mabaraza ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hukagua vyuo kwa pamoja, na wahitimu wa vyuo vilivyokubaliwa hutambuliwa bila mtihani huu. La muhimu ni jina la chuo kuwa kwenye orodha. Kuwa chuo kiko Afrika Mashariki hakutoshi. Wanaobaki ni waliotoka Urusi, China, India, Ukraine, Kuba na kwingineko, na idadi kubwa ya vijana wa magharibi mwa Kenya wamo humo. Vita vilipoanza Ukraine mwaka 2022, baadhi yao walilazimika kumalizia masomo nchi nyingine, wakaishia na matokeo ya vyuo viwili badala ya kimoja.

Daktari mgeni, asiye Mkenya, huwa na mlango mwingine. Yeye huomba leseni ya muda kupitia hospitali au taasisi inayomwalika. Madaktari bingwa 100 wa Kuba waliokuja mwaka 2018 na kugawiwa kaunti mbalimbali walikuja kwa mpango wa serikali mbili, hawakuja kupanga foleni na wanafunzi wetu. Hilo liliwakera vijana wengi waliokuwa wakisubiri, na siwezi kuwalaumu, ingawa daktari bingwa mwenye miaka mingi kazini na mhitimu wa juzi si watu wa kupimwa kwa mtihani mmoja.

Sasa tuje kwenye maombi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokwama hata kabla ya kuona swali la kwanza. Baraza linataka kujua mambo mawili: kwamba chuo chako kinatambulika, na kwamba wewe ndiwe uliyesoma hapo. La pili linaonekana jepesi mpaka uangalie vyeti. Chukua msichana anayeitwa Wanjiku aliyesomea Urusi. Jina lake liliandikwa kwa herufi za Kirusi kwenye vitabu vya chuo. Alipomaliza, mfasiri akalirudisha kwenye herufi zetu kwa kufuata kanuni zake, likatoka "Vandzhiku". Kitambulisho kinasema Wanjiku, pasipoti Wanjiku, cheti cha kidato cha nne (KCSE) Wanjiku, shahada Vandzhiku. Kwa afisa aliye mezani Nairobi, hao ni watu wawili. Wekesa naye hugeuka Vekesa. Dawa yake ni hati ya kiapo kwa wakili, na ikiwezekana barua ya chuo inayokiri kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Barua hiyo ni rahisi kuipata ukiwa bado huko, ofisi ya chuo ikiwa ng'ambo ya barabara. Ukisharudi Kisumu, unaandika baruapepe na kungoja.

Vyeti vilivyo kwa lugha nyingine lazima vitafsiriwe na mtu anayetambulika kisheria, si binamu aliyekaa Moscow. Matokeo ya kila mwaka yanahitajika pia, pamoja na cheti cha KCSE, maana kufaulu ng'ambo hakufuti alama za nyumbani. Mwanafunzi aliyekosa C+ ya kuingilia chuo kikuu hapa, kisha akapokelewa na chuo cha nje kwa sababu karo imelipwa, anaweza kugundua baada ya miaka sita kwamba mlango ulikuwa umefungwa tangu mwanzo. Mawakala wanaobandika mabango ya kusomea udaktari ng'ambo kwa bei nafuu hawagusii jambo hili. Wazazi huuza shamba, harambee inafanywa, na hakuna anayeuliza Baraza kuhusu chuo hicho kabla tiketi haijakatwa. Kuuliza hakuna gharama ya maana ukilinganisha na miaka sita ya karo.

Mitihani ya aina hii kwa kawaida huwa na sehemu mbili: maswali ya kuchagua jibu, na sehemu ya kliniki ambapo mtahiniwa huonyesha anavyomkabili mgonjwa. Hofu ya wengi iko kwenye maswali hayo ya kuchagua jibu, ilhali sehemu ya kliniki ndiyo inayofichua mtu alikosomea. Fikiria hali kama hii. Mtoto wa kilo 12 ameletwa kutoka Ahero, ana homa, amepata degedege, hajitambui. Daktari aliyesomea nchi ya baridi amesoma malaria kwenye kitabu. Wa hapa amekesha nayo. Anayejua kazi huhakikisha mtoto anapumua vizuri, humpima sukari mapema kwa sababu malaria kali huishusha, kisha huanza artesunate ya sindano. Dozi ni miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, kwa hiyo huyu anapata 36, tena baada ya saa 12, tena baada ya saa 24. Angekuwa na kilo 20 au zaidi ingekuwa miligramu 2.4 kwa kilo. Anayesita kati ya 3 na 2.4 si mjinga. Pengine hajawahi kuona mtoto wa namna hiyo hata mmoja. Sikoseli nayo ni hivyo hivyo: kandokando ya Ziwa Victoria ni ugonjwa wa kila wiki, kwingineko ni ukurasa mmoja wa kitabu.

Kwa sababu hiyo siuoni mtihani huu kama dharau kwa waliosomea nje. Ninachokipinga ni kuuacha uwe siri.

Akishapita, mhitimu husubiri Wizara ya Afya impangie hospitali. Anaweza kutupwa Kakamega, Nakuru kwenye hospitali ambayo wengi bado wanaiita PGH, yaani hospitali kuu ya mkoa, au Kisumu kwenye ile ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Kwa mwaka mzima huzungushwa katika idara kuu: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Hapa hakuna tena wa Kharkiv kule Ukraine na wa Maseno. Wote ni wanagenzi. Kusubiri nafasi kumewahi kuchukua muda mrefu kwa wote, na malipo yamezua vita. Mkataba wa 2017 kati ya serikali na chama cha madaktari uliweka Sh206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa Sh70,000, na mvutano huo ulikuwa miongoni mwa sababu za mgomo wa madaktari wa siku 56 mwaka 2024.

Dhana yenyewe si ya Kenya peke yake. Mhitimu wa Maseno anayetaka kufanya kazi Uingereza naye hugeuka kuwa daktari wa kigeni. Njia ya kawaida ni mtihani unaoitwa PLAB: sehemu ya kwanza ina maswali 180, ya pili, ile ya kliniki, hufanyiwa Manchester kwa kupita kituo baada ya kituo. Marekani, mtihani wake ni USMLE. Huko naye ataambiwa athibitishe shahada na aeleze kwa nini jina la pasipoti halilingani na la cheti.

Kwa mgonjwa, safari yote hii huishia kwenye rejista ya Baraza, ambayo iko mtandaoni. Andika jina la daktari na utaona kama amesajiliwa na kama leseni yake ya mwaka huu ipo. Shahada iliyotundikwa ukutani kwa fremu, iwe ya Nairobi au ya Beijing, haikwambii hilo.