Mzee hakarabatiwi: maana ya neno utengamao

Wiki hii nimesoma tangazo la mafunzo linalosema watumishi "watajengewa uwezo katika ukarabati wa wazee". Mwezi uliopita mtangazaji wa redio alisoma "huduma za utengano", na kabla yake msomi mmoja ninayemheshimu aliniandikia akisifia "utangamano wa wagonjwa wa kiharusi". Wote watatu walikuwa wanalitafuta neno moja, utengamao, wakalikosa.

Utengamao ni huduma ya afya inayomwezesha mtu aliyepungukiwa nguvu za mwili, akili au mawasiliano, iwe kwa ugonjwa, ajali au umri, kuzirudia shughuli zake, au kuzifanya kwa njia nyingine pale ambapo ile ya zamani hairudi. Wafiziotherapia, wanaotibu kwa mazoezi ya viungo, wamo; watoa tiba kwa vitendo, wanaomrudisha mtu kwenye kazi zake za kila siku, wamo; na watengenezaji wa viungo bandia pia. Wizara ya Afya ya Tanzania huitaja sambamba na kinga, tiba na tiba shufaa, yaani ile ya kumpunguzia maumivu mwenye ugonjwa mzito. Na si ya watu wenye ulemavu peke yao. Shirika la Afya Duniani lilisisitiza hilo mwaka 2017 lilipotoa wito wake wa Utengamao 2030.

Sasa tuje kwenye asili, maana ndiko tunakopotea.

Shina ni lile la tenga. Wengi wakisikia kutenga wanafikiria kumweka mtu kando, kama mgonjwa anayetengwa na jamaa zake, ndipo "utengano" unapopenya. Lakini sikiliza lugha ya jikoni: tenga maji, tenga chakula. Anayetenga chakula hakifukuzi, anakiweka panapostahili. Kinyume chake ni kutengua, na nyonga iliyotoka mahali pake tunasema imetenguka. Kwa upande wa pili wako tengenea na tengeneza, yaani kukaa sawa na kufanya kitu kikae sawa. Tengamaa, ambalo wengine hulitamka tengemaa, ni kufikia hali ya kukaa sawa na kutulia humo. Utangamano umetoka kwingine kabisa, kwenye kutangamana, watu kuchanganyika na kuwa pamoja. Tuwaachie wanaojadili Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mwisho wa neno nao una habari yake. Lisogeze tengamaa karibu na egama, inama, chutama, simama. Vitenzi hivi hueleza namna mwili ulivyokaa, na hakuna hata kimoja kinachoweza kutendwa kwa niaba ya mwingine. Huwezi "kumsimama" mtu. Unaweza kumsimamisha, kumshika kiuno, kumpa mkongojo, lakini kusimama atasimama mwenyewe. Kutengamaa ni hivyo hivyo.

Ukarabati haujui habari hiyo. Nyumba hukarabatiwa, barabara hukarabatiwa, fundi anakuja na zana zake na kilichochakaa kinamsubiri. Ukisema "ukarabati wa wazee" umeshamfanya mzee kuwa paa linalovuja. Na anayefundishwa kukarabati atakwenda wodini kukarabati kweli.

Niliwahi kumwona bibi mmoja wodini, mkono wa kulia umelegea kwa kiharusi, mbele yake kikombe cha plastiki chenye uji. Mkwewe alikwisha kuchota kijiko: "Mama, acha nikulishe." Mwalimu wa fiziotherapia akamwomba asubiri kidogo, kisha akamgeukia mwanafunzi wake, ambaye naye alikuwa ameinama tayari kusaidia, akamwambia aweke mikono nyuma. Bibi akakivuta kikombe kwa mkono wa kushoto, akaukokota ule wa kulia ukikinge kwa ubavu wa kiganja. Uji kidogo ukamwagika kwenye kanga. Akanywa. Yule binti mwanafunzi alikuwa amejifunza kazi yake kwa kusimama na mikono nyuma, na jambo hilo haliingii kwenye semina ya siku mbili yenye vyeti mwishoni.

Ndiyo maana huwa nataka kujua tunapotangaza "kujenga uwezo" tunajenga nini, na wapi. Pale KCMC, hospitali kubwa ya rufaa mjini Moshi, fiziotherapia hufundishwa ndani ya hospitali, na chuo cha watengenezaji wa viungo bandia, TATCOT, kipo hapo tangu 1981, kikipokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwanafunzi anatoka darasani akiwa na swali na anakutana na mgonjwa mwenye jibu.

Utafiti nao ni hivyo. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa maradhi ya usahaulifu walijua kwamba vipimo vilivyotoka ng'ambo vinamtaka mzee ashike kalamu achore, na wazee wengi hawakupata shule. Wakaandaa kipimo kinachoitwa IDEA, ambamo mzee hunakili umbo kwa kupanga njiti za kibiriti. Kitu hicho kila mzee amekishika maisha yake yote, kwa hiyo akikosea, kosa linasema jambo kuhusu uwezo wa akili yake, si kuhusu shule aliyoikosa.

Kazi ya namna hiyo bado ni kubwa kwenye utengamao. Kipimo cha Barthel, cha kupima mgonjwa anavyoweza kujihudumia, kinachotumika duniani tangu 1965, kinauliza kama mgonjwa anaweza kupanda ngazi. Hakiulizi kama anaweza kuchutama. Babu wa kijijini ambaye hana ngazi hata moja nyumbani, lakini ana choo cha shimo nyuma ya migomba, atapata alama zake nzuri, aruhusiwe, na jioni ile ile ashindwe kwenda haja bila kushikiliwa na mjukuu. Swali la kuchutama litatoka kwa muuguzi au mwanafunzi aliyewahi kumsindikiza babu huyo, akafundishwa pia namna ya kuligeuza swali kuwa utafiti.

Kwa hiyo, ndugu uliyeandika lile tangazo, nia yako naiona na mafunzo yenyewe yanahitajika. Badilisha sentensi moja tu: "kuwajengea uwezo walimu, watafiti na watoa huduma za utengamao kwa wazee". Ikiwa ni ndefu kwa bango, andika "kuwasaidia wazee kutengamaa". Watakuelewa hata wazee wenyewe.