Profesa kasema: dawa ya saratani na dhana zinazoisindikiza

Wiki ile shangazi alipopewa majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kuangalia saratani, kwenye kundi la familia iliingia sauti ya dakika nne. Mtu anayejitambulisha kuwa daktari bingwa anaisifu dawa yake ya saratani, unakunywa siku 90 unasahau. Chini yake binamu wa Mbagala akaandika: "Huyu si mganga wa mtaani jamani, ni profesa." Mjadala ukaishia hapo. Sikulala vizuri, maana hadithi ya profesa wa namna hiyo naijua.

Dhana: daktari mwenye jina hawezi kutangaza dawa isiyotibu.

Kama kuna aliyestahili kuaminiwa kwa jina lake tu, ni Dkt. Andrew Ivy wa Chicago, Marekani. Mwaka 1928 yeye na mwenzake Eric Oldberg walionyesha homoni inayokiamuru kifuko cha nyongo kijikamue, na wanafunzi wa udaktari wanaisoma mpaka leo. Baada ya Vita Kuu ya Pili alikwenda Nuremberg kutoa ushahidi dhidi ya madaktari wa Kinazi waliowafanyia wafungwa majaribio, akachangia kanuni za kumlinda mtu anayefanyiwa utafiti. Alikuwa pia makamu wa rais wa Chuo Kikuu cha Illinois.

Huyohuyo akaletewa unga na Stevan Durovic, daktari wa Yugoslavia aliyepitia Argentina. Unga uliitwa Krebiozen. Durovic alidai umetoka kwenye damu ya farasi waliochomwa makusudi vijidudu vya ugonjwa wa kuvimba taya wa ng'ombe. Namna ya kuutengeneza ilikuwa siri yake. Ivy, mtu wa Nuremberg, akakubali kuwachoma wagonjwa kitu ambacho hakujua ndani kina nini! Tarehe 26 Machi 1951 aliwaita waandishi wa habari kwenye hoteli ya Drake, Chicago, akaeleza habari za wagonjwa 22, na baadhi yao walikuwa wameshakufa. Asubuhi yake simu za wagonjwa zikaanza kumiminika.

Dhana: lakini kuna waliopona, tumewaona kwa macho.

Oktoba mwaka huohuo chama cha madaktari cha Marekani kikatoa taarifa ya wagonjwa 100 waliopewa Krebiozen: 98 hawakuonyesha nafuu yoyote inayopimika. Mwaka 1963 taasisi ya taifa ya saratani ya huko ikapitia mafaili 504 yaliyotolewa na watetezi wa dawa wenyewe, nayo haikuona kitu.

Sasa wale wanaosimama na kushuhudia wanatoka wapi? Wengi walishapasuliwa au kupigwa mionzi kabla, halafu sifa ikaenda kwa dawa ya mwisho waliyoinywa. Wengine wana saratani inayokua polepole, miaka inapita mtu anatembea. Kuna hata asiyewahi kupimwa, aliambiwa tu "ni kansa hiyo". Na waliokufa hawapigi simu redioni kutoa ushuhuda.

Dhana: wakubwa wanaificha dawa kwa wivu.

Walipewa nafasi ya kuipima, na hapo ndipo siri ilipotoka. Mwaka 1963 wakemia wa mamlaka ya dawa ya Marekani, wakiongozwa na mwanamama Mweusi, Alma Levant Hayden, waliutambua ule unga kuwa kreatini. Kitu hicho kiko kwenye misuli yako unaposoma hapa, na vijana wa jimu wanakinunua kwa makopo. Baadhi ya vichupa vya sindano vilikuwa na mafuta tu, jamii ya yale tunayowapaka watoto wachanga.

Dhana: mahakama ilimsafisha.

Kweli, Ivy na wenzake walishtakiwa kwa utapeli, na mwaka 1966 waliachiwa. Baraza la wazee wa mahakama liliulizwa kama utapeli umethibitishwa pasipo shaka. Kama dawa inatibu, hilo halikuwa swali lao. Ivy aliendelea kuitetea. Mimi nadhani aliiamini kwa dhati, na hilo linanitisha kuliko kama angekuwa tapeli.

Dhana: hospitali zinadharau miti, ndiyo maana stafeli haipewi nafasi.

Hii ndiyo ya kwetu hasa. Kuna kaua ka pinki chenye asili ya Madagaska, kimepandwa kwenye nyua nyingi hapa Dar. Ndani yake zilipatikana vinblastini na vinkristini, dawa za saratani zinazoingia kwenye dripu za hospitali. Mti haukudharauliwa: ulichambuliwa, ukapimwa kipimo cha dozi, ukajulikana madhara yake. Lile neno la stafeli kuishinda tibakemia "mara 10,000" lilitokana na kemikali moja iliyomwagiwa seli kwenye vyombo vya maabara. Hata jiki inaua seli ukiimwagia humo. Na huko Guadeloupe, visiwa vya Karibiani, watafiti wameuhusisha ulaji wa stafeli na chai ya majani yake na ugonjwa wa neva unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa.

Dhana: aijaribu tu, haina hasara.

Hasara ni miezi. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, inatibika vizuri ikikamatwa mapema. Siku 90 za chupa zinaweza kuihamisha kutoka hatua moja kwenda nyingine.

Nilimpigia binamu, nikamuuliza: ndani ya hiyo dawa kuna nini, wameinywa wangapi, na ambao hawakupona ni wangapi? Akanyamaza kidogo, akasema atamuuliza profesa. Shangazi yeye hakusubiri jibu. Alishapanda daladala ya Posta, bahasha ya majibu kwapani, anakwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road.