Je, wajua kwa nini faili la Excel huendelea kukataa hata kama hakuna anayelitumia?

Unabofya faili la hesabu kwenye folda ya pamoja ya ofisi, Excel inakujibu kuwa linatumiwa na mwenzako, kwa hiyo ulifungue kwa kusoma tu. Unamuuliza mwenzako, naye anaapa kuwa alilifunga zamani. Mara nyingi anasema kweli.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba hapo kuna vitu viwili. Cha kwanza ni jina tu. Ukifungua faili, Excel huunda kando yake faili dogo lililofichwa, lenye jina lilelile likitanguliwa na alama ~$, na humo huandika jina la mtumiaji. Jina hilo ni lile lililowekwa kwenye mipangilio ya Office, wala si lazima lifanane na akaunti ya Windows. Ndiyo maana kompyuta iliyorithiwa kutoka kwa mfanyakazi aliyeacha kazi huweza kumtaja yeye, na asiye na kosa akalaumiwa bure.

Cha pili ni kufuli lenyewe, na hilo halimo kwenye folda. Seva, yaani kompyuta inayotunza folda hiyo, ndiyo inayokumbuka kuwa kompyuta fulani imefungua faili ili kuandika, hivyo nyingine zisubiri. Bila hilo, wawili wangehifadhi kwa zamu na wa mwisho angefuta kazi ya wa kwanza bila yeyote kujua.

Kufuli hubaki pale seva isipopata habari kuwa mtu ameondoka: mtandao umekatika ghafla, kompyuta imelala faili likiwa wazi, au Excel imeganda. Wakati mwingine dirisha limetoweka, lakini ukitazama Task Manager, orodha ya Windows ya programu zinazoendeshwa, unaikuta EXCEL.EXE bado inafanya kazi kimyakimya. Hata kidirisha cha kuonyesha yaliyomo bila kufungua faili, kile cha pembeni mwa folda, huweza kulishikilia, na aliyekiwasha hajui lolote.

Basi anza kwa anayetajwa: afunge Excel kabisa, azime kidirisha hicho, na ikibidi awashe upya kompyuta. Ikishindikana, usikimbilie kufuta lile faili la ~$. Ukilifuta umeondoa jina tu, kufuli liko palepale. Kama seva ni ya Windows, msimamizi wa mtandao aingie Computer Management, sehemu ya folda za pamoja, atazame orodha ya mafaili yaliyo wazi. Hapo huonekana akaunti halisi iliyolishika faili, na anaweza kuikata. Lakini naomba sana, aulize kwanza: mtu akikatwa katikati ya kazi, alichokuwa hajahifadhi kinaweza kupotea. Orodha ikiwa haina faili hilo na ~$ bado ipo, sasa ni salama kuifuta. Wanaotumia LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Office, watafute faili linaloanza na .~lock badala yake.

Kuna tatizo jingine linalofanana na hili ingawa kufuli halihusiki kabisa. Faili linafunguka vizuri, ila kuhifadhi kunagoma. Excel haiandiki juu ya faili la zamani; huandika jipya la muda katika folda ileile, huondoa la zamani, kisha hulipa jipya jina lake. Aliyepewa ruhusa ya kuandika bila ruhusa ya kufuta atakwama hapo, na folda itaanza kujaa mafaili yenye majina ya ajabu ya herufi na tarakimu, nane kwa jumla. Dawa yake ni kurekebisha ruhusa za folda.

Kunakili faili na kuliita “jipya” ili kazi iendelee ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwani jioni mna hesabu mbili zisizolingana. Ikiwa watu kadhaa wanalihitaji faili moja kwa wakati mmoja kila siku, lihamishieni OneDrive au SharePoint, hifadhi za mtandaoni za Microsoft, ambako Excel za sasa huwaruhusu wote kuandika pamoja.