Vitamu vya Vietnam: yanayosemwa na yanayotokea jikoni

"Unga wa mchele ni unga wa mchele tu"

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa kabla hata ya kuwasha jiko. Jiko la Vietnam lina unga wa aina tatu, na hakuna unaoziba pengo la mwenzake: *bột gạo* ni wa mchele wa kawaida, *bột nếp* ni wa mchele wa kunata, na *bột năng* ni wanga wa muhogo. Wa kwanza hukipa kitu umbo, wa pili hunata na kuvutika, wa tatu hung'aa na kuteleza mdomoni. Chukua *bánh trôi*, vile vidonge vyeupe vyenye kipande cha sukari guru ndani, ambavyo watu wa kaskazini hula tarehe 3 ya mwezi wa 3 kwa kalenda ya mwandamo. Ukivifinyanga kwa unga wa vitumbua vitapasuka, na sukari yote itaishia kwenye maji.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mtego wake wa ziada: unga wa muhogo wa ugali si *bột năng*. Ule ni muhogo mzima uliokaushwa na kusagwa pamoja na nyuzinyuzi zake, na hautang'aa hata ukae jikoni mchana kutwa. Wanga hupatikana kwa kukuna muhogo mtamu ukiwa mbichi, kuufikicha ndani ya maji, kuuchuja kwa kitambaa na kuyaacha maji yatulie mpaka tope jeupe ligande chini. Hapo unamwaga maji na kuanika tope. Kazi yenyewe si ngumu, na ni rahisi kuliko kutafuta pakiti ya kutoka ng'ambo.

"Mchele wa kunata una gluteni"

Hauna; gluteni ni protini ya ngano na nafaka za jamii yake. Kunata kwake kunatokana na wanga wake, ambao karibu wote ni amilopektini, aina ya wanga inayonata. Anayekwepa ngano aogope zaidi *bánh nướng*, keki ya kuoka ya sikukuu ya mwezi mpevu wa mwezi wa 8, kwa sababu ganda lake ni la ngano.

"*Bánh da lợn* ina nguruwe, *bánh chưng* ni wali na choroko tu"

Ni kinyume kabisa, na kwa msomaji Mwislamu hili si jambo dogo. *Bánh da lợn* ina jina la ngozi ya nguruwe kwa sababu ya tabaka zake, lakini ndani kuna wanga wa muhogo, unga wa mchele, tui, sukari, choroko na maji ya majani ya pandan, mmea wa jamii moja na mkadi wa pwani yetu. *Bánh chưng* ya mwaka mpya, kwa nje kifurushi cha majani, katikati yake kuna nyama ya nguruwe yenye mafuta. Mafuta ndiyo hujificha zaidi. *Bánh pía*, keki ya ganda la tabaka ya Sóc Trăng kusini mwa Vietnam, kwa desturi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, na keki za mwezi mpevu za mchanganyiko (*thập cẩm*) huwa na vipande vya mafuta hayo vilivyokolezwa sukari. Neno *chay* kwenye pakiti ndilo linalokuambia hamna nyama.

Tabaka za *bánh da lợn* zenyewe zina masharti. Wanga wa muhogo uwe takriban mara nne ya unga wa mchele. Mimina tabaka nyembamba, ipike kwa mvuke dakika 5 hivi mpaka ing'ae, ndipo umimine inayofuata. Ukiwahi, rangi zitachanganyika. Ukiacha maji ya mvuke yasimame juu, tabaka zitabanduka. Kwa hiyo mfuniko ufungwe kitambaa. Na usikate ikiwa ya moto, itaganda kwenye kisu chote.

"*Bánh bò* ikikosa matundu, ongeza hamira"

*Bánh bò* ya mvuke ni kama mkate wa kumimina: unga wa mchele, tui, sukari na hamira. Kwa gramu 200 za unga wa mchele tia gramu 20 za wanga wa muhogo, gramu 150 za sukari, mililita 200 za tui, mililita 120 za maji, na nusu kijiko cha chai cha hamira. Haihitaji zaidi. Hamira ikizidi, viputo huwa vikubwa, hupasuka, na keki hutoka imebonyea na chachu. Matundu marefu yaliyosimama wima huletwa na moto: vikombe vipashwe kwenye mvuke kwanza, maji yawe yanachemka kwelikweli, ndipo umimine. Rojo huanza kuiva kutoka chini na viputo hupanda juu moja kwa moja. Dakika 10 hadi 12 zinatosha, bila kufunuafunua. Kosa jingine ni kutia hamira kwenye sukari iliyoyeyushwa ikiwa bado ya moto. Hamira hufa, na hakuna subira itakayoifufua.

"Wali ukilainika, *bánh chưng* imeiva"

Hulainika mapema, lakini huchemshwa saa 8 hadi 12, ili joto lifike katikati na mafuta yaingie kwenye choroko. Maji yafunike vifurushi muda wote, na ya kuongeza yawe ya moto. Ya baridi huacha kiini kigumu. Ukifunga kwa kukaza mno mchele hukosa nafasi ya kuvimba, ukilegeza maji huingia. Ikitoka huoshwa na kukandamizwa chini ya uzito kwa saa kadhaa. Isiyokandamizwa huchacha haraka. Rangi ya kijani hutoka kwenye majani ya *dong*. Kusini hutengeneza *bánh tét* ya mviringo mrefu kwa majani ya mgomba.

Kisu hakifai hapa pia. Kamba za mwanzi zilizoifunga hupangwa juu yake, keki hugeuzwa, kisha kila kamba huvutwa na kukata kipande safi.

"Friji huhifadhi kila kitu"

Vitamu vya wanga hukakamaa kwenye baridi. *Bánh bò* irudishe kwenye mvuke dakika 5. *Bánh chưng* iliyokakamaa hukatwa na kukaangwa mpaka iwe na ukoko, na wapo wanaoipenda hivyo kuliko ikiwa mpya.